Uchumi na Kuchuma: Istilahi za Soko na Mkulima wa Kanyangi

Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza jinsi istilahi za uchumi wa soko unaoibuka zinavyomfikia mkulima wa kawaida. Hoja yetu ya msingi ni kwamba asiyeyaelewa maneno ya soko hawezi kulitetea jasho lake sokoni. Kielelezo chetu ni Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui.

Usuli

Ukambani si mgeni wa biashara. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Katika njia za namna hiyo, bidhaa na maneno vilisafiri pamoja. Bei, faida, hasara, rehani na dalali yana asili ya Kiarabu; pesa ina asili ya Kihindi. Katika miaka ya 1990, Kenya ilipoondoa udhibiti wa bei na wa fedha za kigeni, msamiati wa soko huria, ubinafsishaji na utandawazi ulienea. Ruwaza ya 2030 ilizinduliwa mwaka 2008, na mwaka 2014, baada ya takwimu za pato la taifa kukokotolewa upya, Kenya iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati.

Uchambuzi

Neno uchumi linatokana na kitenzi chuma, chenye maana mbili: kutwaa tunda mtini na kupata faida. Kanyangi ni eneo la nusu-kame, na ndengu, ambazo kamusi huziita choroko, ni miongoni mwa mazao ya biashara katika kaunti hiyo. Mkulima huchuma kwa maana ya kwanza. Je, huchuma kwa maana ya pili? Msimu wa mavuno kila mtu huuza, bei hushuka, na anayedaiwa karo hawezi kungoja. Mwenye ghala hungoja. Ndiyo maana Kiswahili kina kitenzi langua: kununua kwa wingi ili kuuza kwa bei ya juu. Kipimo nacho ni lugha. Gorogoro lililojazwa kwa kilele na lililosawazishwa huitwa kwa jina moja, ilhali uzito wake hautoshani.

Teknolojia imeleta fumbo jingine. M-PESA ilipoanza mwaka 2007, jina lake lilieleweka mara moja. M-Shwari ya mwaka 2012 inaashiria utulivu. Fuliza ya mwaka 2019 imetokana na kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kukoma. Majina haya ni Kiswahili safi, lakini hayataji deni, ilhali mawili ya mwisho yanahusu mikopo. Hapa tasfida, tuliyozoea kuihakiki katika fasihi, inafanya kazi ya kibiashara.

Hitimisho

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa na maana iwapo masharti ya mkopo, mikataba ya mazao na sheria za vipimo vitaandikwa kwa Kiswahili chepesi, kisha vifafanuliwe kwa Kikamba panapohitajika. Tunapendekeza wanafunzi wa Kiswahili wazipeleke istilahi sokoni zikapimwe huko, badala ya kuzihifadhi darasani. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenye mali halina tofauti na kukosa daftari.