Kunyauka, Kukauka, Kukonda, Kusinyaa: Maneno Yanayokaribiana, Maradhi Yanayotofautiana

Mkulima akisema mahindi yake yamekauka, huenda anafurahi, kwa kuwa wakati wa kuvuna umewadia. Akisema yamenyauka, analalamika, kwa kuwa jua limeyapiga kabla hayajakomaa. Vitenzi hivi viwili hueleza upungufu wa maji, lakini kimoja ni habari ya mavuno na kingine ni habari ya njaa. Shambani hakuna anayevichanganya. Katika chumba cha daktari, hata hivyo, vitenzi hivi na ndugu zao huchanganywa kila siku, na wanaochanganya si wagonjwa peke yao.

Kamusi huviweka vitenzi hivi karibu karibu: kukauka, kunyauka, kusinyaa, kukonda, kudhoofika, kudumaa, kufubaa. Vyote hueleza kitu kilichopungukiwa. Swali la mtabibu ni moja: kimepungukiwa na nini? Makala haya yanavipitia vitenzi hivyo kimoja kimoja, ili mhudumu wa afya ajue cha kuuliza na mgonjwa ajue cha kueleza.

Kukauka na kukonda: tofauti inayookoa mtoto

Kukauka ni kupoteza maji. Mtoto anayeharisha na kutapika hukaukiwa kwa saa au siku chache: macho huzama, midomo hukauka, kiu huzidi, mkojo hupungua. Ngozi ya tumbo ikivutwa kwa vidole na kuachiwa hurudi polepole. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, upungufu wa maji ni mkali.

Kukonda ni kupoteza nyama na mafuta ya mwili, nako huchukua wiki au miezi. Aina mojawapo ya utapiamlo mkali huitwa marasmasi, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni kunyauka. Wagiriki waliutazama mwili uliokonda wakaona jani lililokosa maji. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mfano huo hulipotosha jicho. Mtoto aliyekonda sana naye ana macho yaliyozama, kwa kuwa mafuta yanayoyashikilia yamekwisha. Ngozi yake nayo hurudi polepole, kwa kuwa hakuna mafuta chini yake. Anaonekana amekauka hata kama hajapoteza maji.

Matibabu ya wawili hawa hayafanani. Mtoto mwenye lishe nzuri aliyekaukiwa vikali huwekewa dripu haraka: mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 6 ikiwa hajatimiza mwaka mmoja, au saa 3 ikiwa ameutimiza. Kiasi hicho kikimwingia kwa kasi hiyo mtoto mwenye utapiamlo mkali, moyo wake uliodhoofika unaweza kuelemewa na kushindwa kufanya kazi. Yeye, akiwa anaharisha na hayuko katika hali ya mshtuko, hupewa kinywani au kwa mrija wa puani maji maalumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo, mililita 5 kwa kila kilo kila baada ya dakika 30 katika saa 2 za mwanzo, huku akichunguzwa mapigo ya moyo na upumuaji. Dripu huwa ni ya mtoto aliye katika mshtuko tu, tena kwa uangalizi wa karibu.

Basi mhudumu afanye nini? Apime mzingo wa mkono wa juu kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Abonyeze miguu yote miwili kutafuta uvimbe unaobaki na shimo, kwa kuwa mwenye kwashakoo huweza kuonekana amenenepa. Kisha amuulize mama: "Macho ya mtoto yamekuwa hivi tangu lini?" Mama akijibu kwamba yamezama tangu jana baada ya kuharisha, hiyo ni habari ya maji. Akijibu kwamba yamekuwa hivyo tangu mwezi uliopita, hiyo ni habari ya chakula. Hakuna kipimo cha maabara kinachoshinda jibu hilo.

Wazee nao wanahitaji tahadhari. Ngozi ya uzeeni imepoteza mnyumbuko wake, hivyo kuivuta hakutoi jibu la kuaminika. Tazama ulimi, uliza kuhusu mkojo, na pima shinikizo la damu.

"Maziwa yamekauka"

Kauli hii ya mama anayenyonyesha mara nyingi haina maana ya kukauka. Matiti huwa malaini baada ya wiki kadhaa za mwanzo, na mtoto hulia kwa sababu nyingi. Mama mwenyewe, au jamaa aliye karibu naye, huhitimisha kwamba maziwa yamekwisha. Matiti hayafanani na mtungi unaokwisha maji kwa kuchotwa. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo maziwa yanavyotengenezwa. Anayeanza kutoa uji au maziwa ya kopo mapema hupunguza kunyonya, na kwa kufanya hivyo huyakausha kweli.

Mhudumu asimkemee mama. Aangalie jinsi mtoto anavyolishika titi, aulize anakojoa mara ngapi, na asome kadi ya kliniki. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mwepesi, na ambaye uzito wake unapanda, anapata maziwa ya kutosha. Uzito usipopanda, mama na mtoto wachunguzwe zaidi.

Kukonda kwa mtu mzima na kivuli cha jina

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, watu waliupa ugonjwa huo jina la Slim, yaani wembamba, nalo likaingia katika majarida ya kitabibu mwaka 1985. Tangu hapo neno kukonda limebeba mzigo usio wake. Mtu akipungua, majirani hunong'ona, naye huongeza tabaka la nguo badala ya kwenda hospitali.

Mnong'ono huo hukosea pande zote mbili. Anayeishi na virusi na kutumia dawa vizuri huenda asikonde kamwe. Na aliyekonda huenda ana kifua kikuu, hasa akiwa na kikohozi, homa au jasho jingi la usiku. Huenda ana kisukari, hasa akiwa na kiu na mkojo mwingi. Huenda ana saratani, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, au hana chakula cha kutosha. Kanuni ni hii: aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia achunguzwe. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3. Ndugu msomaji, kama suruali inahitaji mkanda ambao haukuuhitaji mwaka jana, nenda ukapimwe.

Kusinyaa: sehemu moja inapopungua

Kukonda ni kwa mwili mzima. Kusinyaa aghalabu ni kwa kiungo kimoja. Mguu uliotoka kwenye plasta husinyaa kwa kukosa kazi, na mazoezi huurudisha. Mkono uliosinyaa kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiwa na ganzi, hueleza kwamba mshipa wa fahamu umeumia. Kukiwa na baka la ngozi lisilohisi mguso, ukoma ufikiriwe mara moja, kwa kuwa unatibika na ucheleweshaji ndio unaoleta ulemavu. Ini lililosinyaa, kwa upande wake, limejaa makovu, mara nyingi kutokana na homa ya ini aina ya B au C, au pombe. Makovu hayo kwa kawaida hayaondoki yote, lakini kuondoa chanzo huweza kuyazuia yasiongezeke. Kwa hiyo, mgonjwa akiambiwa kitu kimesinyaa, ana haki ya kuuliza: kinaweza kurudi?

Kudumaa na kufubaa

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kutokana na lishe duni au maradhi ya muda mrefu. Anaweza asiwe amekonda hata kidogo, na ndiyo maana hupita bila kuonekana. Mizani pekee haitoshi. Apimwe pia urefu.

Kufubaa ni neno la faraja linalohitaji maelezo. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hupunguza idadi ya virusi katika damu hadi kipimo kisivione, na mtu aliyefikia hali hiyo, maadamu anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini kisu kilichofubaa bado ni kisu. Virusi vilivyofubaa havijafa. Dawa zikiachwa, hunolewa upya. Mhudumu anayemwambia mgonjwa "virusi vimefubaa" aongeze papo hapo: "navyo vitabaki hivyo ukiendelea na dawa."

Maswali matatu

Mgonjwa akisema amekauka, amenyauka au amekwisha, asisahihishwe Kiswahili chake. Aulizwe: Nini kimepungua: maji, uzito, nguvu, au kiungo kimoja? Kimeanza lini: jana, mwezi uliopita, au tangu utotoni? Kinaambatana na nini: kuharisha, kikohozi, kiu, ganzi? Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Njoo na majibu hayo matatu pamoja na kadi zako za uzito wa zamani. Maswali hayo hayachukui hata dakika tano, nayo yanaweza kumwepusha mtoto na dripu isiyo yake.