Dondoo muhimu: Silaha na sheria za majimbo ya Marekani

Kinachoruhusiwa Texas chaweza kukufunga New Jersey. Kabla ya kugusa bunduki, zingatia haya.

1. Soma sheria ya jimbo ulipo leo, si ya ulikotoka. Texas, tangu 2021, watu wazima wengi wa miaka 21 na zaidi hubeba bastola bila kibali. New York hata ya kuweka nyumbani inahitaji leseni.

2. Usidhani sheria zinagusa bunduki tu. Mkazi wa Illinois anahitaji kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye silaha) hata kwa risasi.

3. Kagua viza yako kwanza. Sheria ya shirikisho huwakataza wengi wenye viza za muda, wanafunzi na watalii wakiwemo, kushika silaha au risasi. Leseni halali ya uwindaji ni miongoni mwa misamaha michache. Mzaha wa kupiga shabaha na wanachuo wenzako unaweza kuishia kwenye kurudishwa kwenu.

4. Ukivuka majimbo kwa gari, toa risasi, funga silaha kwenye buti. Gari halina buti? Tumia kisanduku chenye kufuli. Droo ya dashibodi haihesabiki, hata ikifungwa, na wengi hunaswa hapo.

5. Usikubali kumhifadhia rafiki "mzigo". Ukijua upo na uko mikononi mwako, unaweza kushtakiwa wewe.

6. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Usishike kabisa.

7. Ukikamatwa, taja jina lako, omba wakili, nyamaza.