Utafiti wa Wananchi: Jinsi ya Kupata Majibu Kabla ya Mkutano wa Kijiji

Waulize wavuvi wa pwani ya Kilwa kama pweza wamepungua. Kila mmoja ana jibu lake. Mkutano mkuu wa kijiji unahitaji zaidi ya hapo, na wananchi wanaweza kujitafutia majibu wenyewe. Wilayani Kilwa jambo hilo si geni: wanakijiji wa Kikole na Kisangi walishiriki kupima miti ya misitu yao, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu.

Chagua swali moja. "Maisha yakoje?" halihesabiki. "Bamvua lililopita uliuza pweza kilo ngapi, na kila kilo shilingi ngapi?" linahesabika.

Fuata kalenda ya maji. Wachokoaji pweza, wengi wao wanawake, hushuka mwambani bamvua maji yanapotoka. Ukipita nyumba kwa nyumba saa hizo, utawakosa wale wale unaowatafuta. Pima mavuno yao bamvua, wanaporudi na fimbo zao. Mahojiano marefu yaache hadi maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Andika pia kama ni kusi au kaskazi, kwa sababu mavuno ya msimu mmoja hayasemei mwaka mzima.

Usiishie barazani. Chukua orodha ya kaya za kila kitongoji, kisha uliza kila kaya ya tano. Usipomkuta mtu, rudi. Usimruke ukaenda kwa jamaa yako.

Omba ridhaa. Mwarifu mtendaji wa kijiji. Mweleze unayemuuliza sababu ya maswali, na kwamba anaweza kukataa. Kwenye daftari andika namba badala ya jina: tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Linganisha. Omba kuona kumbukumbu za BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Takwimu za halmashauri ziombe kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30.

Rudisha majibu. Wasomee wanakijiji matokeo, ukitaja walioulizwa wangapi na waliokataa wangapi. Usidai kwamba umeshajua sababu. Kilo kupungua hakumtaji mkosaji. Mkutano ukiamua kufunga mwamba usivuliwe kwa miezi kadhaa, ukifunguliwa rudia maswali yale yale, msimu ule ule. Hapo ndipo kijiji kitajua kama uamuzi wake umezaa kitu.