Filbert Bayi, Mkimbiaji wa Karatu



Wewe unayeishi Karatu au Ngorongoro unaijua milima yetu. Unajua kuipanda alfajiri na mzigo mgongoni, wakati ukungu bado umeufunika msitu. Mgeni kutoka pwani akipanda pamoja nawe, huhema haraka na kuomba kupumzika. Wewe unaendelea na safari.

Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyezaliwa Karatu, akakimbia kuwashinda watu wote wa dunia. Kisha tutaona alifanya nini miguu yake ilipochoka. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama maana yake mwishoni mwa somo.

1. Kijana wa nchi ya juu

Filbert Bayi alizaliwa Karatu tarehe 23 Juni 1953. Wakati huo Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,000.

Huku juu hewa ni nyepesi. Mwili wa mtu anayekulia huku huzoea hali hiyo. Damu yake hupata chembe nyekundu nyingi zaidi za kuchukua hewa safi. Hiyo ni sababu moja ya wakimbiaji wengi hodari wa Afrika Mashariki kutoka nchi za juu.

Lakini hewa peke yake haimfanyi mtu kuwa bingwa. Hewa hii tunaivuta sote, na sote si mabingwa. Bayi alifanya mazoezi kila siku.

Alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Zamani zile sheria za riadha zilikataza mkimbiaji kulipwa fedha kwa kukimbia. Bayi alikula kwa kazi yake, na mbio alikimbia kwa heshima ya nchi. Likumbuke jambo hili. Tutalirudia.

2. Mbio za Christchurch

Mwaka 1973 Michezo ya Afrika ilifanyika Lagos, Nigeria. Katika mbio za mita 1,500 Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Watu wakaanza kuuliza: kijana huyu ni nani?

Jibu lilipatikana tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, nchi ya New Zealand. Ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikuwa na umri wa miaka 20.

Wakimbiaji wengi wa mita 1,500 hukimbia pamoja kama kundi. Kila mmoja anamwangalia mwenzake. Nguvu zao huzitunza mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Bastola ilipolia, alitoka mbele. Akaliacha kundi nyuma. Watazamaji walidhani atachoka. Karibu na mwisho John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimkaribia sana. Bayi hakukubali kupitwa.

Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia mita 1,500 kwa kasi hiyo. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Walker alikuwa wa pili, na Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja rekodi nyingine. Alikimbia maili moja, yaani mita 1,609, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi ya zamani ilikuwa dakika 3 na sekunde 51.1, ya Jim Ryun wa Marekani. Tofauti yao ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kama kufumba na kufumbua.

Bayi hakukaa na rekodi hiyo muda mrefu. Mwezi Agosti mwaka ule ule Walker aliivunja. Sasa dunia nzima ilingoja wawili hao wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwaka 1976.

3. Mbio ambazo hazikukimbiwa

Hawakukutana Montreal. Sababu yake ilikuwa mchezo mwingine kabisa, mchezo wa raga. Raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, na wachezaji huukimbiza mikononi.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Tarehe 16 Juni mwaka huo polisi waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand itolewe katika Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilikataa. Ilisema raga si mchezo wa Olimpiki. Basi nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zilisusia michezo hiyo. Tanzania ilikuwa mojawapo.

Walker alishinda mita 1,500 na kupata nishani ya dhahabu. Je, Bayi angemshinda? Hakuna ajuaye. Kijana wa miaka 23 alikosa nafasi ambayo hakuikosa kwa uvivu wala kwa udhaifu. Nchi yake iliona kwamba utu wa ndugu zetu wa Afrika Kusini ulizidi nishani. Gharama ya uamuzi huo walibeba wanamichezo.

4. Nishani ya Moscow

Bayi hakuacha kukimbia. Alijifunza mbio nyingine, za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizi mtu huruka viunzi mara 28, na dimbwi la maji mara 7.

Mwaka 1980 alikwenda Olimpiki ya Moscow. Alikimbia kwa desturi yake ile ile, mbele ya wote. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimpita. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.7. Bayi alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 12.5, akapata nishani ya fedha.

Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya Tanzania katika Olimpiki. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alipata nyingine ya fedha, katika mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata nishani ya tatu.

5. Baada ya mbio

Sasa turudi kwenye lile jambo la fedha. Rekodi mbili za dunia hazikumpa Bayi utajiri. Na nguvu za miguu ni kama mvua ya masika. Huja kwa msimu wake, kisha hukatika. Mkulima mwenye akili hupanda wakati mvua ipo.

Bayi alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini El Paso. Fikiri, msomaji. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu alikaa darasani na daftari akiwa mtu mzima. Wewe nawe umekaa hivyo katika darasa lako la kijiji. Hakuna aibu ndani yake.

Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Yeye na mkewe, Anna, walianzisha shule. Shule za Filbert Bayi ziko Kimara, Dar es Salaam, na Mkuza, Kibaha. Watoto wanaosoma humo walizaliwa miaka mingi baada ya mbio za Christchurch. Rekodi zake zote mbili zimekwisha kuvunjwa na wengine. Lakini mtoto aliyejua kusoma, elimu yake haivunjwi na mtu.

Maana ya maneno

*Nishani:* tuzo ya kuvaa shingoni au kifuani.
*Kususia:* kukataa kushiriki jambo kwa kuonyesha kutoridhika.
*Kiunzi:* kizuizi cha mbao cha kuruka katika mbio.
*Rekodi:* kipimo bora kuliko vyote vilivyowahi kupatikana.

Maswali

1. Bayi alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini Tanzania ilisusia Olimpiki ya mwaka 1976?
3. Hesabu: Malinowski alimtangulia Bayi kwa sekunde ngapi?

Jadilini darasani

1. Je, ilikuwa haki wanamichezo kukosa nafasi yao kwa ajili ya kupinga ubaguzi? Kila mmoja atoe sababu zake.
2. Nguvu zako za ujana ulizitumia kwa kazi gani? Zitakapokwisha, utakuwa umeacha nini kwa watoto wako? Andika sentensi tatu.