Usinunue kibodi nyingine kwanza

*Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Hirbadaw. Laptopu yangu ilimwagikiwa chai ya maziwa, baadhi ya herufi zikagoma, nikanunua kibodi ya waya na mausi isiyo na waya kule Katesh. Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Sasa kibodi mpya inaleta herufi kubwa yenyewe, nikiandika 2024 napata @)@$. Siku moja kilitokea kisanduku cha maandishi ya Kiingereza, nikakubali ili kiondoke. Tangu hapo mpaka nishikilie kitufe ndipo herufi itoke. Mausi nayo inarukaruka. Mitihani ya muhula inanisubiri. Nimrudishie muuzaji au ninunue nyingine?*

*Mwalimu, Hirbadaw*

Mwalimu, pole sana, hasa kipindi hiki cha mitihani. Nauli ya Katesh iache kwanza mfukoni. Kwa maelezo yako, kibodi mpya inaelekea kuwa nzima. Ninayoishuku ni ile ya zamani, iliyonyweshwa chai.

Wengi huamini kwamba ukichomeka kibodi ya nje, ya ndani inajizima. Haijizimi. Zote mbili huendelea kupeleka taarifa, na kompyuta inazipokea kwa pamoja. Kitufe cha ndani kikinata, kompyuta inajua tu kwamba kuna kidole kimekibana. Hizo @)@$ ndizo zinazonionyesha njia: ni alama zinazokaa juu ya 2, 0, 2 na 4, na hutoka pale Shift inapokuwa imebanwa. Chai yenye sukari ikikauka inakuwa gundi, na vumbi la kiangazi huko kwenu likishaingia juu yake, kitufe hakirudi vizuri.

Kisanduku ulichokikubali kinatokana na hapohapo. Windows ina msaada uitwao Filter Keys, uliotengenezwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka: ukiwaka, kompyuta inapuuza kitufe kilichoguswa kwa muda mfupi. Huitwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Hukuishikilia wewe, nadhani ni Shift iliyonata. Uzime kwa mausi: fungua Settings, kisha Accessibility (kwenye Windows 10 imeandikwa Ease of Access), halafu Keyboard, uzime Filter Keys.

Sasa thibitisha. Chomeka kibodi mpya kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, au kwenye simu kwa kutumia kile kiunganishi kidogo cha OTG kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Andika 2024. Ikitoka 2024, muuzaji hana kosa. Kisha rudi kwenye laptopu, chomoa kibodi ya nje kabisa, fungua ukurasa mtupu na uangalie bila kugusa kitu. Ukiita kibodi ya kwenye skrini kwa Windows, Ctrl na O kwa pamoja, huenda ukaiona Shift imewaka peke yake.

Ikiwa ndivyo, zima laptopu, chomoa chaji, toa betri kama inatoka. Pangusa pembeni mwa kitufe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo tu, ukibonyeza na kuachia, na uiache ikauke vizuri kabla ya kuwasha. Usimwage maji wala usichokoe kwa kisu. Kitufe kikivunjika miguu yake ya plastiki, kukirudisha ni kazi.

Ikigoma kuachia, mpelekee fundi achomoe utepe unaounganisha kibodi ya ndani na ubao mkuu. Ni kazi ndogo, na ikishafanyika utatumia ya nje bila bughudha. Lakini muulize kwanza: kwenye laptopu nyingine swichi ya kuwashia iko kwenye kibodi hiyohiyo, na ukichomoa utepe hutaweza kuiwasha.

Mausi ni tatizo jingine kabisa. Tazama kile kipokezi chake kidogo umekichomeka wapi. Kama kipo kwenye tundu la USB lenye rangi ya buluu, au jirani na flashi iliyochomekwa humo, kihamishie upande wa pili wa laptopu. Matundu hayo ya USB 3.0 yanapofanya kazi hutoa kelele za redio karibu na masafa ya 2.4 GHz, ambayo mausi nyingi za aina hiyo hutumia. Intel ilieleza jambo hilo mwaka 2012. Badilisha betri pia, pangusa vumbi kwenye kijitundu cha mwanga chini yake, na kama meza ina kioo au kitambaa cha plastiki kinachong'aa, tandika karatasi nyeupe. Fanya moja baada ya jingine ili ujue ni lipi lililoitibu.

Na kabla fundi hajagusa skrubu hata moja, nakili mitihani yako kwenye flashi ukae nayo mwenyewe.