Umechelewa Kupanda Nyanya? Anza Kuhesabu Kutoka Mtoni

Ukishamaliza kona za mlima Kitonga ukielekea Iringa, unaingia Ilula, na hapo hata abiria aliyekuwa amelala huamka. Nyanya zimepangwa kando ya lami ndoo kwa ndoo, vitunguu pembeni yake, na kabla basi halijasimama sawasawa madirisha yameshazungukwa. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Basi kila Machi, mvua zikielekea ukingoni, hujitokeza wakulima wenye swali moja. Mmoja aliuguliwa, mwingine alisubiri fedha ya mbegu, wa tatu kitalu chake kilisombwa na maji ya Januari. Methali ya chelewa chelewa wanaijua, hakuna haja ya kuwatonesha kidonda. Wanataka kuambiwa kama bado inafaa kupanda.

Majibu yaliyomo humu yamewalenga wakulima wa nyanda za Iringa. Mkulima wa Lushoto, Mgeta au Mwea kule Kenya atayatumia vilevile, ila abadilishe miezi.

Kuchelewa maana yake nini hasa?

Ukitafuta jibu kwenye simu, mara nyingi utaambiwa uhesabu siku zilizobaki kabla ya jalidi ya kwanza. Ushauri huo ni wa Uholanzi au Marekani, ambako usiku mmoja wa jalidi unatosha kuua shamba zima. Kwetu jalidi huonekana sehemu chache za juu sana, kama Kitulo na baadhi ya maeneo ya Njombe, mwezi wa Juni na Julai. Aliyeko huko auchukue ushauri huo kama ulivyo.

Sisi wengine tunaongozwa na maji. Mnyanya haujali urefu wa mchana, kwa hiyo hauna mwezi wake wa lazima; ukipata joto la kadiri na maji utazaa Aprili, utazaa Agosti. Tarehe unayopaswa kuijua ni ile ambayo kijito chako hukatika, au kisima huanza kutoa tope, au zamu ya mfereji hupunguzwa. Kama hujawahi kuiandika, waulize wazee waliolima bondeni hapo miaka mingi. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini utabiri unakupa mvua ya mkoa, na mzee anakijua kijito chenyewe.

Hesabu inakwendaje?

Inakwenda kinyumenyume, kutoka siku ya maji kukatika hadi siku ya kusia mbegu. Ila ili uone muda unaohitajika, tuipitie kwanza kwa mbele, kwa mfano wa anayesia mbegu kitaluni tarehe 15 Machi. Miche itakaa kitaluni wiki nne, kwa hiyo itahamishiwa shambani tarehe 12 Aprili. Aina nyingi za kawaida huanza kuiva siku 75 hivi baada ya kuhamishwa, yaani tarehe 26 Juni. Hapo ndipo wengi huishia kuhesabu, wanafunga daftari na kwenda kumtafuta dalali.

Wamesahau kipupwe. Mnyanya huhesabu joto kuliko unavyohesabu siku, na chini ya nyuzi 10 karibu husimama kabisa. Toa 10 kwenye wastani wa joto la siku, na kinachobaki ndicho mmea ulichokula. Siku yenye wastani wa nyuzi 25 imeupa 15. Siku ya Juni yenye wastani wa 17 imeupa 7, chini ya nusu. Ndiyo maana shamba la Julai linaweza kukaa wiki mbili matunda yakiwa ya kijani tu, mkulima akidhani amekosea mbolea. Kwa nyanda za Iringa ongeza wiki mbili hadi tatu. Mchumo wa kwanza sasa umesogea hadi katikati ya Julai, na ukichuma kwa wiki sita unamaliza mwishoni mwa Agosti. Jiulize basi kama kijito chako hufika mwisho wa Agosti kikiwa na maji. Kikifika, hujachelewa. Kikikatika Juni, usipande shamba zima; panda vijaruba viwili karibu na nyumba, hela nyingine iweke kwa msimu ujao.

Na aliyeko mabondeni?

Kwake hesabu inageuka. Shuka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni na utaikuta tarehe ileile ina maana nyingine kabisa. Mabondeni na Pwani adui wa maua ni usiku wa joto: likibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24 usiku kucha, maua hudondoka bila kushika tunda. Miezi ya Juni hadi Agosti huko ndiyo mizuri kwa nyanya, mradi kuna umwagiliaji. Anayelalamika Ruaha Mbuyuni kwamba amechelewa kwa kusia mbegu Aprili huenda amewahi bila kujua. Wa nyanda za juu ana tatizo la upande wa pili, kwa kuwa usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 chavua hudhoofika na maua mengi hupotea bure.

Maji kiasi gani?

Mengi kuliko watu wanavyokisia. Zao la nyanya hutumia kati ya milimita 400 na 600 za maji tangu kuhamishwa hadi mwisho. Kwa kipimo cha ndoo, wakati wa matunda shamba linaweza kunywa milimita 5 kwa siku, na milimita 5 kwa ekari moja ni lita 20,000. Hizo ni ndoo kubwa 1,000 za lita 20, kila siku. Robo ekari ni ndoo 250. Mwenye mashine ya kuvuta maji na mwenye mipira ya matone wanaweza kuziwaza namba hizo. Mwenye keni mbili za kumwagilia apunguze eneo leo, kabla hajanunua mbegu.

Matandazo ya majani makavu yatakupunguzia kiu ya udongo. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, na kwa mpangilio usiobadilika. Kukausha shamba siku nne kisha kulifurikisha ndiko kunakoleta kitako cheusi, lile doa lililooza chini ya tunda. Udongo unaweza kuwa na kalisi ya kutosha, lakini kalisi husafiri na maji, na maji yakija kwa kuruka tunda halipati fungu lake. Dawa ya kupulizia ugonjwa huo utauziwa, lakini ratiba ya maji ndiyo itakayokusaidia.

Nichague mbegu gani?

Chagua nyanya fupi, zile zinazojikomea zenyewe na kuiva karibu kwa mkupuo. Tanya, Rio Grande, Cal J na Roma ziko kundi hilo. Nyanya ndefu kama Money Maker huendelea kurefuka na kutoa maua wiki hadi wiki. Ni nzuri kwa mwenye maji ya mwaka mzima na miti ya kuegemeza, lakini aliyechelewa ataishia na shina refu lililojaa matunda ya kijani siku mfereji unapokauka. Kama tayari umepanda ndefu, zikate kichwa siku 30 hivi kabla ya siku yako ya maji kukatika, na uondoe maua yote yanayochipuka baada ya hapo. Roho inauma, lakini ua la wakati huo halitakuwa tunda la kuuza.

Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe yake. Mbegu ulizokamua mwenyewe kwenye nyanya chotara usizitegemee, kwa sababu hazitafanana na mama yao.

Je, nikinunua miche iliyokwisha kukua?

Hiyo ndiyo njia ya mkato halali, inaokoa wiki nne nzima. Sharti ni kwamba mche uwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15, shina nene, majani manne hadi sita, na mizizi myeupe isiyozunguka trei kama kamba. Mimi niliwahi kuuziwa miche iliyokwisha kutoa maua, nikafurahi kwamba nimepata ya haraka. Ilidumaa. Ikabeba matunda mawili matatu madogo ikiwa na kimo cha goti, ikakata tamaa. Mche uliochanua kwenye trei umeshaamua kuzeeka.

Miche iliyorefuka kidogo inasaidiwa kwa kupandwa kwa kina, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi likifukiwa. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche inatosha. Tamaa ya kubananisha italipwa kwa ukungu.

Mbolea nyingi itaharakisha?

Haitaharakisha. Ukizidisha yenye naitrojeni utapata majani mabichi ya kupendeza na maua machache. Samadi iliyooza vizuri shimoni, mbolea ya kupandia, kisha ya kukuzia kwa vipimo vya mtaalamu wako wa ugani. Basi.

Magonjwa ya shamba la kuchelewa ni yaleyale?

Kwa majina ni yaleyale, ila zamu zake zinabadilika, na hapa ndipo wengi huanguka. Anayepanda Desemba anapigana na ukungu. Anayepanda Machi anaanza na ukungu, kisha mvua ikikatika anakabidhiwa wadudu.

Ukungu mkali ni bakajani chelewa. Jina hilo limewadanganya watu wengi, wakadhani ni ugonjwa wa mwisho wa msimu, kumbe huja wakati wowote hali ikiwa ya ubaridi na majani yakibaki na unyevu kwa saa nyingi. Asubuhi za Mei zenye ukungu na umande ni sikukuu yake. Utaona mabaka meusi kama jani limemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani utando mweupe. Ndicho kiumbe kilichoangamiza viazi vya Ayalandi miaka ya 1840, na kwenye nyanya kinaweza kufagia shamba ndani ya siku chache. Ndugu yake, bakajani tangulia, huanza majani ya chini na kuchora duara ndani ya duara. Huyo anakupa muda wa kufikiri. Dawa za ukungu nyingi hukinga kuliko zinavyoponya, kwa hiyo hupulizwa kabla mabaka hayajaenea. Kata majani yanayogusa udongo ili hewa ipite.

Kisha anakuja kantangaze, yule ambaye wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alivuka hadi Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika Tanzania na Kenya. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260 hivi. Kiwavi huingia katikati ya jani na kula nyama yake akiacha ngozi mbili za juu na chini, ndiyo maana dawa ya kugusa tu humpita bila kumdhuru. Hupenda ukavu na joto. Shamba lako la kuchelewa, likiwa peke yake la kijani wakati majirani wameshavuna, ndilo litakalompokea kila nondo aliyekosa pa kulala. Usipande ubavuni mwa shamba kuukuu la nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo.

Tundika mitego yenye chambo cha harufu ya jike tangu wiki ya kuhamisha miche, chini yake beseni la maji yenye sabuni. Ukianza kukuta nondo wengi, kagua majani kila baada ya siku mbili, chuma yaliyochimbwa na uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani. Viuatilifu vipo, lakini mdudu huyu huzoea dawa haraka. Badilisha makundi ya dawa, na usichanganye tatu kwenye bomba moja kwa kusikia kwa jirani. Tumia zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Nalisema hili kwa sababu mkulima aliyechelewa huwa na haraka, na haraka yake huishia kwenye kachumbari ya mtu mwingine.

Zikibaki za kijani maji yakiisha?

Zilizokomaa, zenye ngozi inayong'aa na kitako kilichoanza kubadilika rangi, zitaiva nje ya shamba. Zipange mahali penye kivuli na hewa, joto la nyuzi 20 hadi 25, tabaka moja. Kwa matumizi ya nyumbani weka ndizi mbivu mbili kati yake. Gesi inayotoka kwenye ndizi huzihimiza. Zisizokomaa haziivi hata ukizibembeleza, hizo ni za achari. Kwenye friji usiziweke kabla hazijaiva, maana chini ya nyuzi 12 hivi tunda hupoteza uwezo wa kuiva vizuri na ladha huondoka. Za sokoni chuma zikianza wekundu, na usijaze tenga hadi mdomoni. Za chini ndizo zinazobeba gharama ya safari ya Dar es Salaam.

Mchumo wa mwisho ukiisha?

Ng'oa mashina yote wiki hiyohiyo, mizizi na matunda mabovu pamoja, uyachome au uyafukie kwa kina kirefu, kisha panda mahindi au maharage kwenye jaruba hilo. Mashina yanayoachwa yasimame hadi Novemba ndimo kantangaze na bakajani husubiri kitalu cha jirani aliyewahi.