Nyumba Iliyowekwa Wakfu Pia Hukarabatiwa

Somo kuu: Kumbukumbu la Torati 22:8
Soma pia: Mambo ya Walawi 14:33-48, Mhubiri 10:18

Sisi tunajua kuombea nyumba. Tunaomba ploti, tunaomba pesa za msingi, tunaomba mabati. Nyumba ikiisha tunaitana, tunaimba, tunapaka miimo ya mlango mafuta, tunakula chapati na kurudi kwetu. Hiyo ni njema. Lakini mafuta yakishakauka, nani hupanda juu kuangalia gata?

1. Mungu aliangalia dari

Nyumba za Israeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda huko. Rahabu alianika kitani darini (Yoshua 2:6). Petro alipanda darini kuomba (Matendo 10:9). Ndiyo maana Torati iliamuru kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta darini, mtu asije akaanguka na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu.

Ona mambo mawili. Kwanza, amri ni ya nyumba mpya. Hatungoji mtu aanguke ndio tujenge ukuta. Pili, hatia ni ya mwenye nyumba, si ya aliyeteleza. Nyumba ni yako, lakini anayeumia ndani yake mara nyingi ni mwingine: mgeni, mpangaji, dada wa kazi, mtoto wa jirani.

Ukuta wako wa dari ni upi? Pengine ni kifuniko cha septiki kilichopasuka na watoto wanaruka juu yake kila jioni. Pengine ni waya wa stima uliofungwa kwa nailoni. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA. Pengine ni madirisha yote kuwa na grili zisizofunguka. Moto ukianzia mlangoni, watoto watapitia wapi? Angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili ya bawaba, na ufunguo ukae mahali kila mtu anapajua.

Usinijibu tu kwamba damu ya Yesu inatulinda. Inatulinda, amina! Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyesema tujenge ukuta.

2. Usifiche doa

Walawi 14 inazungumzia doa la ukungu ukutani. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayeenda kumwambia kuhani. Nyumba inafungwa siku 7. Doa likienea, mawe yenye doa yanatolewa, kuta zinakwanguliwa, mengine yanawekwa na kupigwa lipu upya. Doa likirudi hata baada ya hapo, nyumba yote inabomolewa. Sisi je? Tunasogeza kabati mbele ya doa, ama tunapaka rangi Desemba kwa sababu wageni wanakuja. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

3. Weka bajeti

Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa neno uchakavu: kila jengo linapungua thamani hata kama hakuna aliyeligusa. Kanuni moja ya kawaida ni kuweka kando asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Nyumba ya shilingi 3,000,000 inataka 30,000, yaani 2,500 kwa mwezi. Kama huna hiyo, anza na 500, lakini anza.

Suleimani anasema uvivu huangusha paa. Gata iliyoziba ni kazi ya ngazi na mkono wako. Ukiiacha hadi mvua ya Machi, maji yanamwagikia ukuta, msingi unalowa, mbao za paa zinaoza. Hapo 2,500 haitoshi hata fundi wa kwanza.

Na wewe landilodi uliyeokoka, kodi yote si mapato. Sehemu yake ni ya paa lililo juu ya kichwa cha mpangaji wako.

Kazi ya wiki hii

Zunguka nyumba yako na watu wa nyumbani mwako, mkiwa na karatasi na kalamu. Andikeni yote mnayoona. Kisha mjadili kwenye ushirika:
- Ni kitu gani hapa kinaweza kumuumiza mtu kabla ya Jumapili?
- Ni doa gani tumelifunika?
- Nani atalishughulikia, na lini?

Tuombe: Baba, asante kwa nyumba uliyotupa. Tupe macho ya kuona ufa ungali mdogo, na bidii ya kuuziba. Mtu yeyote asiumie kwa sababu ya uzembe wetu. Katika jina la Yesu, amina.